Sumaku ya umeme ya nyumbani: jinsi ya kuitia nguvu mpaka inyanyue ndoo

Binti wa kaka yangu alinijia karakanani, hapa Chake Chake, Pemba, mkoba wa skuli begani. Akatoa skrubu ya inchi tatu iliyozungushiwa waya wa kengele, na betri ya mraba ya volti 9.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini leo?"

"Sumaku ya umeme, ami. Mwalimu katuambia kila mtu atengeneze ya kwake. Yangu inaokota pini nne. Nikaongeza betri ya pili zikawa tano, mara betri zote mbili zikafa."

Kazi yangu ni kuwaindi mota, yaani kuzizungushia waya upya: pampu za visima, feni, mashine za kusaga. Nilipoishika ile skrubu nikajua ugonjwa hauko kwenye betri. Karibu kila anayetaka sumaku yake iongezeke nguvu hukimbilia betri, na betri ndiyo ya kuangaliwa mwisho. Nguvu kubwa imo kwenye chuma, hasa pale chuma kinapogusana na mzigo. Waya unafuata. Betri ije nyuma ya hivyo vyote. Nitaeleza kwa mpangilio huo huo, kama tulivyofanya mimi na binti yule Jumamosi na Jumapili.

Kabla ya lolote: kazi yote hii ni ya betri za tochi. Umeme wa ukutani ni volti 230, na koili, yaani waya utakaouzungusha hapa, ina ukinzani (kule kuzuia umeme) mdogo sana, omu tatu hivi. Ukiichomeka ukutani itawaka mkononi mwako kabla hujaiachia. Mtoto akiomba "nijaribu mara moja tu", jibu ni hapana.

Pima kwanza

Kuhesabu pini kunadanganya. Pini hushikana mkia, moja inabeba nyengine, na ukiinua mkono kwa haraka nusu zinapukutika. Pima kwa maji. Chukua chupa tupu ya lita moja na nusu, ifunge kamba shingoni, uitundike kwenye kipande cha chuma ambacho sumaku itakinasa. Washa, kisha mimina maji kidogo kidogo kwa kikombe mpaka chuma kibanduke. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi chupa yenyewe inakusomea uzito. Weka gunia chini, kwa sababu itaanguka. Rudia mara tatu na uandike jibu la katikati.

Sharti moja: kila mara badilisha kitu kimoja tu, halafu upime. Ukibadilisha chuma, waya na betri kwa pamoja, hutajua kipi kilichokusaidia.

Skrubu ya binti, kwa betri mpya, ilibeba chupa na maji yasiyofika kina cha kidole. Tukaandika.

Chuma

Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mkondo wa umeme unazaa usumaku. Lakini koili peke yake, bila chuma ndani, ni dhaifu sana: inatikisa dira, basi. Ukitia chuma katikati, usumaku ule hukuzwa mara mamia. Kwa hiyo chuma chenyewe ndicho kikuza sauti chako, na si kila chuma kina sauti sawa.

Skrubu nyingi za mbao za siku hizi zimepikwa kiwandani zikawa ngumu. Chuma kigumu hupokea usumaku kwa shida na hakiuachii. Kipimo chake ni rahisi: zima umeme uangalie. Skrubu ya binti ilibaki na pini mbili zinaning'inia hata betri ilipotolewa. Hiyo ni dalili mbaya. Keekee, patasi, skrubu ngumu na vipande vya springi, viweke pembeni. Vyombo vingi vya stenlesi navyo havinaswi na sumaku hata kidogo.

Unachotaka ni chuma laini. Kwa mafundi wetu wa ujenzi kipo cha aina tatu. Msumari mweusi mnene wa inchi tano au sita unafaa kwa kuanzia. Nondo ya mviringo ya milimita 10, ile isiyo na meno, ni bora zaidi. Halafu kuna waya wa kufungia nondo, ule mweusi unaouzwa kwa kilo. Watu wanaupita bila kuujali, na mimi naupenda. Waya ule umeshalainishwa kwa moto kiwandani, ndiyo maana unapinda kama uzi. Kata vipande sawasawa, uvikaze pamoja kwa tepu mpaka upate fungu nene kama kidole gumba, na tayari una kiini kizuri bila kugusa jiko. Kasoro yake moja: ncha za fungu ni taabu kuzisawazisha, na utaona mbele kwamba ncha ndizo zenye kazi.

Msumari au nondo unaweza kuilainisha zaidi mwenyewe. Washa jiko la mkaa, ongeza vifuu vya nazi, maana moto wa vifuu ni mkali, na upepee. Zika chuma katikati ya makaa mpaka kiive wekundu kote, si ncha tu. Kiache na wekundu wake kwa dakika kumi hivi. Sasa usikimwagie maji. Maji yanakikaza upya, na kazi yako yote imepotea. Kitoe kwa koleo ukizike ndani ya majivu makavu ya moto, kwenye debe, ukiache usiku kucha kipoe taratibu. Asubuhi kitatoka na magamba meusi. Yaondoe kwa msasa.

Usifanye hivi kwa msumari wa bati wala chuma chochote chenye rangi ya fedha ya zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaomtia mtu homa na kifua kubana. Msumari mweusi tu, na uwe uwanjani penye upepo, si jikoni kwa mama.

Kunja iwe U

Hapa ndipo nguvu inaporuka kweli kweli. Sumaku ya msumari ulionyooka hunyanyua kwa ncha moja, huku ncha ya pili ikipoteza nguvu hewani. Usumaku unatoka ncha moja na lazima urudi kwenye ncha ya pili. Ukiulazimisha urudi kwa njia ya hewa, safari yote ni ngumu. Ukiipinda nondo ikawa U, ncha zote mbili zinaangalia chini, na ukiweka kipande cha chuma chini yake, usumaku unazunguka ndani ya chuma mwanzo hadi mwisho.

Jambo hili si geni. William Sturgeon wa Uingereza, katika miaka ya 1824 na 1825, alipinda chuma cha gramu 200 hivi kama kiatu cha farasi, akakipaka vanishi, akakizungushia waya mtupu wa shaba mizunguko 18 tu. Kikanyanyua kilo 4, mara ishirini ya uzito wake. Mizunguko 18! Wanaolalamika kwamba waya wao haujatosha wafikirie hapo.

Kata nondo ya milimita 10, urefu wa sentimita 20. Ipashe iive wekundu uipinde juu ya bomba la inchi moja na nusu, au mpelekee fundi wa kuchomea, ni kazi ya dakika tatu kwake. Miguu iwe na sentimita 7 hivi kila mmoja. Halafu ndiyo uilainishe kwenye majivu, kwa sababu kupinda kwenyewe kunakaza chuma. Ukilainisha kwanza kisha ukapinda, umefanya kazi mara mbili.

Kipande cha chini mimi nakiita kipingo. Kiwe chuma bapa, unene wa milimita 5, upana milimita 25, urefu wa kuvuka miguu yote miwili na kubaki kidogo. Toboa tundu katikati upitishe ndoana ya kutundikia mzigo. Watu hupenda kutumia bati jembamba hapa kwa kuwa lipo. Bati ni mlango mdogo: usumaku unaopita kwenye nondo nene hauwezi kupita wote humo. Unene wa kipingo ukizidishwa kwa upana wake usipungue eneo la mkato wa nondo.

Mwanya, adui mkubwa

Sehemu hii isome mara mbili.

Chuma laini, tuseme, hupitisha usumaku kwa urahisi mara elfu moja kuliko hewa. U yako na kipingo chake ni njia ya sentimita 25 hivi. Njia hiyo yote ya chuma, kwa ugumu, ni sawa na robo milimita ya hewa. Sasa karatasi ya daftari ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kati ya U na kipingo kuna sehemu mbili za kugusana. Karatasi moja tu, ukiipitisha hapo, inaongeza ugumu wa safari karibu mara mbili ya ulivyokuwa. Na nguvu ya kunasa haishuki kwa kiasi hicho hicho, inashuka kwa mraba: usumaku ukipungua nusu, uzito unaobebwa unabaki robo.

Nilimwonesha binti kwa macho. Sumaku imeshika ndoo, imetulia. Tukaiteremsha, nikaweka karatasi ya daftari lake juu ya kipingo, tukawasha tena. Kipingo kikashika, ndoo ilipoacha kugusa sakafu tu, kikabanduka. Akanitazama. "Karatasi moja, ami?" Karatasi moja.

Sasa fikiria kutu. Kisiwani kwetu chuma kilicholala wiki moja dirishani kinaota vumbi jekundu, kwa hewa ya chumvi. Kutu ile kwa sumaku ni karibu sawa na karatasi. Rangi ni karatasi. Magamba ya moto ni karatasi. Chembe moja ya mchanga ni karatasi kumi.

Kwa hiyo: laza msasa mkavu juu ya kipande cha kioo, ishike U wima, miguu yote miwili juu ya msasa, usugue kwa pamoja kama anayesaga kitu. Ukisugua mguu mmoja mmoja, hautakuwa usawa na mwenzake. Anza na msasa mkavu wa kukwaruza, malizia na laini. Kipingo nacho vivyo hivyo.

Utajuaje vimekaa sawa? Chukua masizi ya tako la sufuria, pakaa kidogo sana kwenye uso wa kipingo, kibonyeze kwenye miguu na ukizungushe kidogo. Tazama miguu. Pale penye weusi ndipo palipogusa. Mara ya kwanza ya binti, mguu wa kushoto ulikuwa na doa dogo ukingoni tu, kama mwezi mwandamo, na mguu wa kulia hauna kitu. Sumaku yake ingenasa kwa ukingo wa ukucha! Akasugua tena, akapaka tena. Mara ya sita duara zote mbili zilitoka nyeusi karibu nzima. Kabla na baada ya kusugua huko, waya ule ule, betri zile zile, mzigo uliongezeka zaidi ya mara mbili. Hakuna betri uliyonunua itakayokupa hivyo kwa bei ya kipande cha msasa.

Futa masizi kabla ya kutumia.

Waya

Waya wa kengele una ganda nene la plastiki. Ganda hilo linachukua nafasi ambayo shaba ingekaa, kwa hiyo mizunguko inakuwa michache na iko mbali na chuma. Tumia waya wa kuwaindi mota, ule wa shaba uliopakwa vanishi. Mwaka 1831 Joseph Henry wa Marekani alinyanyua zaidi ya kilo 900 kwa sumaku yake, na siri moja kubwa ilikuwa hiyo: badala ya kukipaka chuma vanishi na kuacha waya mtupu kama Sturgeon, yeye aliufunika waya wenyewe kwa hariri, akaweza kuubananisha tabaka juu ya tabaka. Vanishi ya leo inafanya kazi ya hariri ile, na ni nyembamba zaidi.

Kwa U hii nunua waya wa nusu milimita, gramu 80 hivi, kwa fundi mota yeyote. Usifumue feni mbovu: waya wake umeganda kwa vanishi ya kiwanda, ukivuta unachubuka, na mchubuko mmoja ukigusana na mwengine umepoteza mizunguko yote iliyo kati yao. Tena waya wa feni ni mwembamba mno. Kama hujui unene wa waya ulionao, uzungushe mizunguko 20 iliyobanana kwenye penseli, pima kwa rula, gawanya kwa 20.

Mizunguko mingapi? Nguvu ya koili inategemea mizunguko ikizidishwa kwa ampia, yaani wingi wa mkondo. Watu wanasikia hivyo, wanazungusha mpaka waya uishe. Lakini kila mzunguko unaongeza urefu wa waya, urefu unaongeza ukinzani, na ampia zinashuka. Nilimpigia binti hesabu kwa betri mbili kubwa za tochi zilizofuatana, volti 3, nikichukua kila betri ina ukinzani wa ndani wa omu 0.3. Kila tabaka ni mizunguko 100 kwa mguu.

Tabaka moja kwa kila mguu, yaani mizunguko 200: ampia 2.5, na zao la mizunguko kwa ampia ni 490. Tabaka mbili, mizunguko 400: ampia 1.6, zao 630. Tabaka nne, mizunguko 800: ampia 0.9, zao 700. Tabaka nane, mizunguko 1,600: ampia 0.4, zao 660.

Ukipita tabaka nne unaanza kurudi nyuma, kwa sababu mizunguko ya nje ina duara kubwa, inakula waya bila faida. Lakini tazama na upande wa betri: kutoka tabaka mbili kwenda nne nguvu imeongezeka kidogo tu, ila betri inatoa karibu nusu ya mkondo, kwa hiyo itaishi muda mrefu zaidi. Ndiyo maana nachagua tabaka nne. Waya wa milimita 0.2 wa feni, kwa mizunguko hiyo hiyo 800, zao lake ni 150 hivi tu.

Kuzungusha sasa. Tengeneza mirija miwili ya karatasi ngumu ya bahasha, itakayoingia kwenye miguu ya U kwa kubana kidogo. Karatasi hiyo inailinda vanishi isikatwe na chuma, na mara mbili tu inatosha, maana ukiifanya nene unausogeza waya mbali na chuma. Ivishe mirija kwenye kijiti cha unene wa nondo. Acha mkia wa sentimita 15, uubane kwa tepu, kisha anza. Mkono wa kushoto ndio unaozungusha kijiti. Wa kulia unaushika waya kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiuvuta kwa mkazo ule ule, kidole gumba kikisukuma kila mzunguko uulalie uliotangulia. Usikie waya ukipita kwenye ngozi bila kukwama. Ukikwama, pana kifundo. Simama, ukinyooshe, usikivute, maana shaba iliyovutwa kwa kifundo hukatika ndani na utaitafuta mpaka usiku.

Ukifika mwisho wa tabaka, unarudi, lakini unaendelea kuzungusha upande ule ule. Wengi hapa hugeuza mkono bila kujua, tabaka la pili likalifuta la kwanza. Kila mizunguko 50 piga mstari kwenye karatasi. Usitegemee kichwa, atapita mtu akusalimie, na lazima umwitikie. Tabaka likiisha, lipake rangi ya kucha lishike.

Zungusha mirija yote miwili sawasawa, uelekeo mmoja. Ivishe kwenye miguu, yote mianzo yake ikiwa juu. Sasa unganisha mwisho wa koili ya kwanza na mwisho wa koili ya pili. Mianzo miwili iliyobaki ndiyo inayokwenda kwenye betri. Ukiunganisha hivyo, mguu mmoja unakuwa kaskazini na mwengine kusini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa miguu yote ni kaskazini, koili mbili zinapigana na kipingo hakishiki kitu cha maana. Hakikisha kwa dira: mguu mmoja uvute ncha moja ya sindano, wa pili uvute ncha ya pili. Sisi tuliazima dira ya jirani mvuvi. Isogeze kwa mbali, sindano igeuke tu, usiibandike kwenye sumaku yenye nguvu. Sindano ikigeuzwa usumaku wake, mtu atapotea baharini.

Na ncha za waya kwangua vanishi, sentimita mbili, pande zote, mpaka shaba ing'are rangi ya waridi. Vanishi haionekani vizuri kwa macho, ila haipitishi umeme hata chembe. Nusu ya sumaku "zilizokufa" ninazoletewa hazina ugonjwa mwengine.

Betri

Ile betri ya mraba ya volti 9 ina seli sita ndogo ndani yake, zimepangwa moja nyuma ya nyengine. Volti nyingi, lakini ukinzani wake wa ndani ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa jiwe kubwa la tochi, kwa hiyo ukiidai mkondo inachemka na kufa. Jiwe kubwa la volti 1.5 linaipita kwa kazi hii. Chagua ya alkalaini. Yale ya bei rahisi huchoka upesi mkondo ukiwa mkubwa.

Anza na mawili, kwenye kasha lenye springi, usishike nyaya kwa vidole. Tia bonyezo la kengele kama swichi, ili sumaku iwake pale tu unapobonyeza. Koili ikipata moto, ukinzani unapanda na nguvu inashuka, kwa hiyo kupumzika si uvivu. Ikiwa huwezi kuishika kwa kiganja, zima.

Ukitaka zaidi, ongeza mawe mawili yakifuatana, yawe manne. Ukinzani wa koili hii ni omu 2.8, mkubwa kuliko wa betri, ndiyo maana kufuatanisha kunasaidia. Koili ya mizunguko michache ya waya mnene ingekuwa kinyume chake: hapo mawe yapangwe sambamba, chanya na chanya pamoja, hasi na hasi pamoja.

Betri ya pikipiki au ya sola, ya volti 12, mimi siishauri kwa mwanafunzi. Itasukuma zaidi ya ampia nne kwenye koili hii, wati 50, ambayo ni hita. Na nyaya zake zikigusana bahati mbaya, hutoa mkondo wa kuyeyusha waya papo hapo. Mtu mzima mwenye fyuzi ya ampia 5 na subira ya kubonyeza kwa sekunde chache, sawa.

Jambo jengine, na hili halimo kwenye vitabu vingi vya skuli: ukikata umeme, koili yenye mizunguko mingi na chuma kilichofungwa hurudisha pigo. Utaona cheche kwenye swichi, na ukiwa umeshika ncha mbili tupu, utarushwa hata kwa betri za tochi. Funga daiodi ya 1N4007, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, baina ya ncha mbili za koili, upande wenye mstari uelekee chanya. Cheche itatulia na swichi itadumu.

Chuma kikishiba

Kwa mawe mawili U yetu ilinyanyua ndoo yenye lita 5 za maji, binti akiishikilia kwa mikono yote miwili, imefungwa kwenye kijiti cha mpini wa fagio. Kwa mawe manne ikafika lita 7 na kidogo. Akasema, "Mbona haijafika hata mara mbili, ami? Mkondo si karibu umezidi mara mbili?"

Swali zuri, na jibu lake ni kwamba chuma hushiba. Chuma laini kikikaribia tesla 2 (tesla ni kipimo cha usumaku) hakipokei tena. Kabla ya shibe, mkondo mara mbili unakupa mzigo mara nne. Ukikaribia shibe, betri ya nne inakupa vikombe viwili vya maji, na baada ya hapo unapasha moto shaba tu. Ukiona hivyo kwenye maandishi yako ya kipimo, acha betri na acha waya. Tafuta nondo nene zaidi: ya milimita 16 ina eneo mara mbili na nusu la ile ya 10, na ikishiba itabeba mara mbili na nusu.

Ukizima umeme na kipingo kikabaki kimeganda, usishtuke. Chuma kikiwa kimefungwa duara kamili, hubakiwa na usumaku kidogo mpaka ukibandue. Ukikibandua na miguu ya U ikaendelea kushika pini, basi nondo haijalainika, irudishe kwenye makaa, koili ukiwa umeshazitoa.

Ukimaliza, toa betri kwenye kasha, zisivuje. Futa miguu na kipingo, pakaa tone la mafuta ya cherehani, uvifunge pamoja kwenye kitambaa kikavu, mbali na dirisha la upande wa bahari. Siku ya kuonesha skuli, futa mafuta, pitisha msasa laini mara tatu, na upake masizi tena kabla ya kutundika ndoo.